Rusumo: nchi tatu zimegawana umeme, lakini Mto Kagera unasimamiwa na nani?

Mleta uzi

Wanajamvi, salaam.

Kila mjadala wa mito inayovuka mipaka unapofunguliwa humu jamvini, haichukui muda tunajikuta tumeshahamia Ethiopia na Misri, na lile bwawa kubwa la Ethiopia kwenye Mto Abay, yaani Nile ya Bluu, linaumeza uzi mzima. Leo naomba tubaki kwenye Mto Kagera. Pale Rusumo, kati ya wilaya ya Ngara kwetu na wilaya ya Kirehe upande wa Rwanda, kuna mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zimeujenga pamoja, zinaumiliki pamoja na kugawana umeme wake sawa kwa sawa, na bado ni wachache wanaouzungumzia. Hoja yangu ni hii: Rusumo imefanikiwa kwa sababu nchi hizi zilikubali kugawana umeme na kuliweka kando suala la maji yenyewe, na suala hilo lililowekwa kando ndilo litakalotusumbua miaka ijayo.

Kwa asiyeijua jiografia ya pale, Mto Nyabarongo unashuka kutoka milima ya Rwanda ukiwa na rangi ya udongo unaoubeba kutoka kwenye mashamba ya miteremkoni, unapita kwenye vinamasi na maziwa ya Bugesera, na ukishalipita Ziwa Rweru unaitwa Akagera. Kutoka upande wa kusini unakuja Mto Ruvubu, ambao ni wa Burundi. Mito hii hukutana karibu kabisa na maporomoko ya Rusumo. Kuanzia hapo Kagera huwa mpaka wa Tanzania na Rwanda, kisha wa Tanzania na Uganda, kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria, na hakuna mto mwingine unaolipatia ziwa hilo maji mengi kuliko huu. Kwa maneno mengine, tunazungumzia Mto Nile, ila katika sehemu yake ambayo magazeti ya Cairo na Addis Ababa hayaiandiki.

Kwa kuwa ni Nile, mto huu umebeba mzigo wa mikataba ya zamani. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, iliikubalia Misri kwamba hakuna kazi ya umwagiliaji wala ya umeme itakayofanywa kwenye Nile, matawi yake au maziwa yanayoulisha, kwa namna itakayopunguza maji yanayofika Misri, bila ridhaa ya Misri. Mwaka 1934 Uingereza na Ubelgiji zikatia saini mkataba mwingine jijini London kuhusu mito ya mpakani kati ya Tanganyika na Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo: anayechepusha maji ndani ya eneo lake ayarudishe mtoni bila kuyapunguza sana kabla hayajaingia kwa mwenzake, na anayetaka kumwagilia atoe taarifa miezi sita kabla. Tanganyika ilipopata uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa kurithi mikataba ya wakoloni kwa kufumba macho. Ile ya nchi mbili mbili ilipewa muda wa miaka miwili ijadiliwe upya, na Julai 1962 Uingereza, Misri na Sudan ziliandikiwa kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi Tanganyika. Msimamo huo ndio uliotuwezesha baadaye kuyafikisha maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga bila kupiga hodi Cairo. Nauheshimu sana msimamo huo, lakini kuukataa mkataba wa zamani ni kazi moja, na kuandika mpya ni kazi nyingine ambayo kwa Kagera haikukamilika.

Jaribio lilikuwepo. Agosti 1977, mwaka uleule ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika, Burundi, Rwanda na Tanzania zilitia saini palepale Rusumo mkataba wa kuunda Shirika la Bonde la Mto Kagera, na Uganda ikajiunga mwaka 1981. Shirika lilikuwa na makao Kigali na ndoto za kila aina: umeme wa Rusumo, reli, barabara, kutokomeza mbung'o. Fedha za wanachama zilikuja kwa kusuasua, kisha Burundi ikaingia vitani mwaka 1993 na Rwanda ikaangamia mwaka 1994. Wenye umri wangu hawahitaji kusimuliwa jinsi mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu wapatao robo milioni walivyovuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya takriban siku moja, wala jinsi mto huohuo ulivyobeba maiti hadi ziwani, zikaopolewa na kuzikwa na watu wa mwambao wa Uganda. Shirika halikuinuka tena, na mwaka 2004 likavunjwa rasmi.

Mradi wa umeme uliokolewa kwa kupunguzwa. Mawazo ya awali yalikuwa ni kujenga tuta refu zaidi na kuhifadhi maji nyuma yake. Sasa, bonde la juu ya Rusumo ni tambarare mno: ukiinua maji mita chache kwenye tuta, yanarudi nyuma kilomita nyingi na kuingia kwenye mashamba ya mabondeni ya Rwanda na Burundi, ambako watu wamebanana na hakuna ardhi ya kuwahamishia. Serikali zikaamua kushusha kimo cha maji na kujenga mtambo unaotumia maji jinsi yanavyopita, uwezo ukashuka kutoka megawati 90 hadi 80. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko wote katika historia nzima ya Kagera. Megawati 10 zilitolewa, wakulima wengi wakabaki na mashamba yao. Isitoshe, vile vinamasi vya Bugesera huyapokea maji ya masika na kuyaachia taratibu, kwa hiyo bwawa la kuhifadhia lilikuwepo tayari, lenye mafunjo, bila saruji hata mfuko mmoja.

Mwaka 2013 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340, kila nchi ikibeba theluthi, huku Benki ya Maendeleo ya Afrika ikigharamia njia za kusafirisha umeme wa kilovoti 220: moja kwenda Nyakanazi, nyingine Gitega, ya tatu Shango karibu na Kigali. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 2017 na mitambo mitatu ikaanza kuzalisha mwishoni mwa 2023. Mmiliki ni kampuni ya Rusumo, ambayo wanahisa wake ni serikali tatu. Angalieni jambo moja hapa: Burundi haina hata futi moja ya ukingo pale kwenye maporomoko, lakini inapata theluthi kamili, takriban megawati 26.6, kwa sababu Ruvubu unatoka kwake. Umeme unapimika kwa mita ya kiwandani, hauna mabishano ya masika na kiangazi, na anayechukua zaidi anaonekana papo hapo. Ndiyo maana walielewana.

Maji hayana mita ya namna hiyo. Rwanda inajenga Nyabarongo II, mtambo wa megawati 43.5 wenye bwawa halisi la kuhifadhi maji, na lengo lake jingine ni kuzuia mafuriko. Nani alikaa na nani kupanga ratiba ya kujaza na kufungulia? Inawezekana kabisa bwawa hilo likatunufaisha sisi tulio chini kwa kusawazisha mtiririko na kunasa udongo. Inawezekana pia likafungua milango usiku kwa mahitaji ya Kigali na Rusumo ikapokea maji yasiyolingana na mipango yake. Vilevile gugu maji linaloelea na mto hadi ziwani halimilikiwi na nchi yoyote, na kila nchi hulilaumu kwa jirani.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji kutoka Ngara

Mkuu mleta uzi, nakushukuru kwa kutukumbuka watu wa pembezoni. Umeeleza vizuri jinsi serikali zilivyogawana, lakini umewasahau watu ambao mradi umejengwa mlangoni kwao. Nyaya za kilovoti 220 zinapita juu ya migomba yetu, na kwa miaka mingi wilaya hii iliwashiwa jenereta za dizeli, huku mkoa wetu wa Kagera ukinunua umeme kutoka Uganda. Jirani yangu, mzee wa makamo aliyepisha njia ya nguzo, huniuliza swali moja kila tukionana: kama umeme unazalishwa hapa, mbona unapita? Nimemweleza kuhusu kituo cha kupoza umeme mpaka nikachoka. Anasikiliza kwa adabu, kisha anatazama juu.

Nadhani mikataba ya mito ya pamoja inapaswa kumtambua mtu huyu kama mhusika. Nchi ya Burundi ilipewa haki kwa kuwa maji yanatoka kwake. Basi na kijiji kilichotoa ardhi kina hoja inayofanana.

Mleta uzi

Ndugu wa Ngara, hoja yako nimeipokea na inastahili jibu refu kuliko hili. Kwa upande wa kitaalamu, umeme wa msongo ule hauwezi kushushwa nyumbani moja kwa moja. Unapozwa kwanza hadi kilovoti 33 na kusambazwa na shirika la umeme kwa bajeti nyingine kabisa, isiyo ya kampuni ya Rusumo. Hapo ndipo mzee wako anapokwama: aliyemhamisha ni kampuni ya nchi tatu, na anayepaswa kumwashia taa ni shirika la nchi moja. Mradi ulikuwa na fungu la maendeleo ya maeneo jirani, dola milioni 15 kwa nchi zote tatu, kwa ajili ya shule, zahanati, maji na kadhalika. Fungu hilo, hata likitumika vizuri, ni la mara moja, wakati mtambo utazalisha kwa miongo kadhaa. Mimi ningependelea asilimia ndogo ya mauzo ya kila mwaka iende kwenye halmashauri za pande zote, iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, isitegemee huruma ya mfadhili.

Mchangiaji, Mtanzania aliyeko Lusaka

Wakuu, naomba nilete mfano wa huku, kwa sababu mleta uzi anazungumza kana kwamba kugawana maji ndiko kunakokosekana Kagera. Huku Zambezi maji yamegawanywa tangu zamani, na bado tumekaa gizani.

Bwawa la Kariba lilijengwa kati ya 1955 na 1959, wakati wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, na Watonga wapatao 57,000 wakahamishwa kutoka bondeni kwa namna ambayo wajukuu wao hawajaisahau. Mwaka 1987 mabunge ya Zambia na Zimbabwe yalipitisha sheria mbili pacha na kuunda Mamlaka ya Mto Zambezi, yenye makao yake hapa Lusaka. Kila mwaka Mamlaka hutazama kina cha ziwa na utabiri wa mvua, kisha hutangaza kila upande utumie mita za ujazo kiasi gani kuzalisha umeme. Zambia ina mtambo wake ukingo wa kaskazini, Zimbabwe ukingo wa kusini, ziwa ni moja.

Mwaka 2022 kila upande ulipewa mita za ujazo bilioni 22.5. Kufikia mwishoni mwa Novemba upande wa kusini ulikuwa umeshavuka mgao wake, na maji yanayotumika kwa umeme yalikuwa yamebaki asilimia 4.6 tu ya ujazo. Mamlaka ikaandika barua kuitaka kampuni ya umeme ya Zimbabwe isimamishe uzalishaji hadi Januari. Barua ilikuwa sahihi kisheria na hesabu zake zilikuwa wazi. Lakini hebu fikirieni: ni waziri gani atazima mitambo ya nchi yake mwezi wa Novemba, joto kali, kwa sababu ya mstari kwenye daftari? Na hasara haikuwa ya upande mmoja, kwa sababu ziwa likishuka, hushuka kwa wote wawili, aliyefuata mgao na aliyeuvuka. Ukame wa 2024 ulikuja baadaye ukatukuta bado hatujapona. Zambia ilitangaza janga la kitaifa mwishoni mwa Februari, na kuna miezi ambayo mitaa mingi ya mji huu ilikuwa ikipata umeme kwa saa chache mno kwa siku.

Kwa hiyo mimi nasema nchi za Kagera zilikuwa na akili kukwepa kugawana maji. Mamlaka yenye daftari bila nguvu ya kufunga bomba ni karani tu.

Mchangiaji kutoka Bujumbura

Salaam kutoka huku. Nakubaliana kwa sehemu na ndugu wa Lusaka, ila naomba asidhani kwamba umeme hauna matatizo yake. Sisi tuna uzoefu wa Mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu kuja Tanganyika. Mtambo wa Rusizi ya pili, uliokamilika mwaka 1989, unamilikiwa na kampuni ya nchi tatu, yaani Burundi, Rwanda na Kongo, chini ya jumuiya yetu ya Maziwa Makuu iliyoundwa mwaka 1976. Mgawanyo ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Kilichoitesa kampuni ni mashirika ya umeme kutolipa bili kwa wakati, na kampuni isiyolipwa haiwezi kufanya matengenezo, na mtambo usiotengenezwa hupungua nguvu mwaka hadi mwaka.

Ninachokipenda Rusumo ni kwamba umevumilia siasa. Mpaka wetu na Rwanda ulifungwa Januari 2024, malori yakasimama, ndugu wakashindwa kutembeleana, lakini hakuna serikali iliyotangaza kujitoa kwenye kampuni. Kwa mtazamo wa Dar es Salaam, ambako mna bwawa la Mwalimu Nyerere la megawati 2,115, megawati 26 ni kidogo. Kwetu hizo zinaonekana kwa macho, kiwanda kwa kiwanda.

Mchangiaji mwingine

Kwa heshima zote, mleta uzi anatafuta tatizo pasipo na tatizo. Shirika la Kagera lilikuwepo miaka 27 likaacha samani na madeni. Leo anataka tuunde jingine, tununue magari, tuteue wakurugenzi kwa zamu ya nchi. Kampuni inafanya kazi, taa zinawaka. Tuiache.

Mleta uzi

Nianze na wewe uliyeandika mwisho. Sijaomba shirika jipya, na magari ninayachukia kama wewe. Nchi zote nne za bonde, pamoja na Uganda, sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ina Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria pale Kisumu, ambayo kwa mujibu wa itifaki yake inayahusu pia maeneo yanayolipatia ziwa maji. Zaidi ya hapo, Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, na Tanzania, Rwanda, Burundi na Uganda zote zimeuridhia. Mkataba huo unazitaka nchi zipeane taarifa za miradi inayopangwa na zizuie madhara makubwa kwa wenzao. Wasiwasi wangu ni kwamba tume yake itashughulika na Ethiopia na Misri mpaka Kagera ibaki tanbihi, na ndiyo sababu ningependa kazi hii ifanywe Kisumu, na watu walioko kwenye bonde lenyewe.

Ndugu wa Lusaka, mfano wako ni mzito na sehemu yake kubwa naikubali. Hata hivyo, tofauti ya Kariba na Kagera ni kubwa. Kariba ni ziwa moja lenye wachotaji wawili, hivyo daftari la mgao lilikuwa halikwepeki. Kagera ni mnyororo: Nyabarongo juu, Rusumo katikati, kisha Kikagati na Murongo kwenye mpaka wetu na Uganda, ambako umeme unagawanywa nusu kwa nusu, na baada ya hapo Kakono, mradi wetu wa takriban megawati 88 mkoani Kagera. Katika mnyororo huna haja ya kumpa kila mtu bilioni zake za mita za ujazo. Unahitaji anayefungua mlango wa juu amwambie wa chini kabla hajafungua. Rusumo haina pa kuhifadhi. Ikipata maji mengi kuliko uwezo wa mitambo, yanapita juu ya tuta bila kuzalisha chochote, na ikipata machache, nchi tatu zinapunguziwa umeme kwa wakati mmoja, Rwanda ikiwemo. Kwa hiyo hata aliye juu ana maslahi ya kutoharibu. Hiyo ndiyo nguvu ambayo karani wako wa Zambezi hakuwa nayo.

Na ndugu wa Bujumbura, suala la bili ulilolileta lingestahili uzi wake. Ukiufungua nitachangia.

Mambo ninayoyaomba ni machache na hayahitaji jengo. Vipimo vya kina na mtiririko wa Nyabarongo, Ruvubu na Kagera viwekwe wazi kila siku kwa nchi zote nne, badala ya kuombwa kwa barua inayopita wizara tatu. Ratiba ya kujaza na kufungulia Nyabarongo II ijadiliwe na waendeshaji wa Rusumo kabla bwawa halijaanza kujaa, kwa sababu baada ya hapo kila upande utakuwa unatetea alichokwisha kukizoea. Kuhusu umwagiliaji, taarifa ya miezi sita iliyowekwa mwaka 1934 irudishwe kwa jina letu wenyewe. Kwamba iliandikwa na wakoloni hakuifanyi iwe mbaya. Na vinamasi vya Bugesera vitajwe kwa jina kama sehemu ya miundombinu ya Rusumo, ili siku mtu atakapotaka kuvikausha alime mpunga, kampuni yenye wanahisa watatu iwe na haki ya kusimama na kuuliza megawati zake zitatoka wapi.

Nasubiri mchango wa wadau wa Kirehe na Kikagati, ambao mpaka sasa sijawaona humu.